Tela Linapolala: Pesa Ianzie Chini Kabla ya Kwenda Juu

Katika vijiji vya mpunga, kutoka Usangu hadi bonde la Kilombero, trekta hulazwa ndani na tela hulazwa nje. Pawatila, yaani trekta la mkono, itatafutiwa kibanda, itafunikwa hata kwa gunia, injini yake itawashwa mara moja moja isikae sana. Tela lake litaegeshwa chini ya mwembe, mkono wa kuvutia umelalia udongo, na hapo litakaa hadi mavuno mengine. Mwenye mali ana hoja yake: injini ndiyo iliyomla fedha siku ya kununua, na tela ni chuma, mbao na magurudumu mawili tu. Hoja hiyo inamgharimu kila mwaka. Matairi yanayochanika ubavuni yakiwa bado na meno, sakafu inayooza, beringi zinazolia siku ya kwanza ya msimu, yote hayo huanza tela likiwa limesimama, halina hata gunia moja mgongoni.

Tena husimama wakati mbaya. Kwenye maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, mavuno huanza karibu na Mei, na miezi ya kiangazi inayofuata ndiyo ya kubeba magunia, matofali, mchanga na samadi. Mvua zikishika, njia za mashambani huharibika na tela huegeshwa. Kwa hiyo kipindi chake cha kulala ndicho hasa kipindi cha maji. Kwa walio kwenye vuli na masika, kama Tanga, Pwani na Kilimanjaro, usingizi huo hukatwa vipande viwili, na vyote viwili vimeloa.

Hapa nalinganisha njia ambazo mwenye tela dogo la shamba au la biashara anaweza kuzimudu. Nachukua tela la ekseli moja lenye matairi mawili ya 7.50-16, bodi ya chuma yenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.8, sakafu ya mbao, linalolala miezi sita kwa mwaka. Bei zote ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania, na hata miaka ya kudumu kwa kila kitu ni makadirio ya kupigia hesabu. Mbao haziuzwi bei moja Mafinga na Mtwara, na fundi wa mjini si fundi wa kijijini. Weka namba za kwako, lakini fuata mpangilio wa hesabu, kwa sababu mpangilio ndio unaoonyesha pesa inapopotelea.

Kodi ya mwembe

Kuegesha chini ya mti ndiyo njia inayotumiwa zaidi, na huitwa ya bure. Ina faida moja ya kweli, nayo ni kivuli. Mwanga mkali wa jua ukishirikiana na hewa hukausha mpira wa tairi, ukaanza kuonyesha nyufa ndogondogo ubavuni ambazo huzidi mwaka hadi mwaka. Mti mkubwa hupunguza hilo.

Lakini mti una mambo yake. Majani hujaa ndani ya bodi, huziba matundu ya kutolea maji, kisha hukaa yameloa juu ya chuma na mbao siku nyingi baada ya mvua kukatika. Kuku wa kienyeji hupenda kulala juu ya tela, na kinyesi chao hula rangi na kushika unyevu. Matawi huendelea kudondosha maji wakati uwanja wa wazi umeshaanza kukauka. Udongo wa chini ya mti ni laini, tairi huzama kidogokidogo, na mkono wa kuvutia ukigusa ardhi mchwa wanapata daraja la kupandia hadi kwenye sakafu.

Tupige hesabu. Tairi moja jipya tuliweke 400,000, mawili 800,000. Tuseme yakitunzwa vizuri yanadumu miaka 8, yaani 100,000 kwa mwaka. Yakiachwa yamebeba tela juani na kwenye udongo, tuseme miaka 5, yaani 160,000 kwa mwaka. Tofauti ni 60,000. Sakafu ya mbao, pamoja na fundi, tuseme 250,000. Ikikaa pakavu miaka 8, ni kama 31,000 kwa mwaka. Ikinyeshewa kila msimu ikaoza kwa miaka 3, ni kama 83,000. Tofauti ni 52,000. Jumla ni 112,000 kila mwaka kabla hujagusa beringi wala rangi. Hiyo ndiyo kodi ya mwembe, na kwa kuwa hakuna anayekuja mlangoni kuidai, wengi huilipa bila kujua.

Angalia sehemu kubwa ya kodi hiyo inatoka wapi. Inatoka kwenye matairi, yaani chini. Wenye matela wengi wakipata pesa kidogo hukimbilia juu: turubai, bati, kibanda. Mimi nasema waanzie chini, na hesabu zinaniunga mkono.

Inua, kisha vua viatu

Tairi lililosimama lina matatizo mawili zaidi ya jua. La kwanza ni upepo. Tairi zima, lisilo na tundu lolote, hupoteza kwa kawaida psi 1 hadi 2 kwa mwezi. Kwa miezi sita hiyo inaweza kufika psi 12, na tairi lililopungua kiasi hicho hukaa limejikunja ubavuni mahali palepale, uzito wote wa tela ukiwa juu ya mkunjo huo. La pili ni unyevu wa ardhi, ambao huingia kwenye nyufa na kuzunguka rimu hadi kutu ikashika pale tairi linapokutana na chuma.

Dawa ya yote mawili ni kuliondolea tairi uzito. Tandaza moramu au kokoto mahali pa kuegesha ili maji yasituame. Kifusi kidogo tukiweke 50,000. Tafuta magogo manne mafupi ya mti mgumu, yaliyokatwa sawa juu na chini, tuseme 20,000. Funga kabari kwenye magurudumu, piga jeki upande mmoja, weka gogo chini ya chesisi karibu na springi, kisha upande wa pili. Mawili yaliyobaki yanakaa mbele na nyuma. Kila gogo likae juu ya jiwe bapa, lisiguse udongo, na mara moja kwa wiki pita ukaangalie kama mchwa wamejenga njia ya udongo juu yake. Usitumie tofali la bloku lenye mashimo. Bloku la namna hiyo limetengenezwa kubeba ukuta ulioenea juu yake. Ukiliwekea chuma chembamba kinachokandamiza sehemu moja, linaweza kupasuka ghafla, na mtu akiwa ameinama chini ya tela hapo ndipo ajali hutokea.

Gogo la nyuma si la hiari. Tela la ekseli moja likiwa tupu hukaa kwa mizani ndogo sana. Mtoto mmoja akining'inia kwenye mlango wa nyuma, mkono wa mbele unaweza kunyanyuka na tela likamwangukia yeye au mwenzake. Watoto watacheza juu ya tela, hilo halizuiliki, basi lifanye lisiweze kupinduka.

Wakati wa kuinua, hakikisha mbele pamekuwa juu kidogo kuliko nyuma, kama upana wa kiganja hivi, na mlango wa nyuma uwe wazi. Maji yanayoingia yanatiririka yenyewe. Kama bodi haina matundu ya kutolea maji kwenye kona za nyuma, fundi wa kuchomelea atayatoboa kwa bei ndogo sana. Na usiliache limefungwa breki ya mkono, kama linayo. Breki ikikaa imebana miezi mingi ya unyevu, viatu vyake hugandana na ngoma kwa kutu. Kabari inatosha.

Tela likishakuwa juu ya magogo, hatua inayofuata haigharimu kitu: fungua nati, toa magurudumu, yaingize ndani. Nati zitie kwenye kopo lenye oili kidogo. Vichwa vya ekseli vipake grisi, uvifunge kwa mfuko wa nailoni. Magurudumu yaliyo kwenye rimu, yakiwa na upepo, yanaweza kulazwa moja juu ya lingine. Tairi tupu lisilo na rimu lisimamishwe wima na kugeuzwa mara moja moja. Yakae mbali na madumu ya dizeli na mafuta ya taa, na yasikae chumba kimoja na jenereta au mashine ya kuchomelea, kwa kuwa cheche za umeme hutoa gesi ya ozoni inayopasua mpira.

Njia hii ina faida nyingine ambayo hakuna kufuli linaloifikia. Tela lisilo na magurudumu haliendi popote. Mwizi wa usiku anataka kuunganisha na kuondoka, au kufungua magurudumu mawili na kutokomea. Hapa vyote viwili havipo.

Gharama ya chini basi ni 70,000. Tukiipa miaka 5 tu, ni 14,000 kwa mwaka, na inaokoa 60,000 za matairi kwa mwaka. Inajirudisha ndani ya msimu wa pili. Kati ya njia zote nitakazotaja baada ya hii, ni moja tu inayofikia uwiano huo.

Asiyeweza kuinua, labda kwa sababu tela hutoka mara moja moja hata wakati wa mvua, alijaze upepo hadi kiwango kilichochongwa ubavuni mwa tairi, aliweke juu ya mbao au mawe bapa, na kila mwezi alisogeze ili tairi likanyage upande mwingine. Matairi yafunikwe kwa gunia au kipande cha ubao upande wa jua la mchana.

Kwa kuwa tumefika kwenye matairi: siku ya kununua jingine, soma tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na herufi DOT. Ikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa jipya machoni, na nywele zake bado zipo, kumbe limezeekea stoo ya muuzaji. Kwa tela linalosimama nusu mwaka, umri wa mpira hukuishia kabla ya meno, kwa hiyo tarehe ni sehemu ya bei. Muuzaji wa tairi la zamani akupunguzie, au nenda duka la pili.

Turubai

Turubai ndilo linalonunuliwa kwa haraka zaidi, na ndilo linalokatisha tamaa zaidi. Yako ya aina mbili sokoni. Lile jepesi la plastiki iliyofumwa, la buluu au la rangi ya chungwa, tuseme 35,000. Jua la kwetu hulifanya likauke na kuchanika, wala usitegemee lipite msimu mmoja wa kukaa nje likiwa zima. Zito la magari ya mizigo tuseme 180,000, na tulipe miaka mitatu: 60,000 kwa mwaka.

Linganisha na linachookoa. Matairi tumeshayaokoa kwa 14,000. Kinachobaki nje ni sakafu, ambayo hasara yake ni 52,000 kwa mwaka. Turubai zito linatumia 60,000 kuokoa 52,000. Jepesi linatumia 35,000, lakini likichanika katikati ya masika unanunua la pili, na unafika 70,000.

Kuna tatizo lililo baya kuliko bei. Turubai lililofungwa likabana pande zote hufungia ndani mvuke unaotoka ardhini na kwenye mbao zenyewe. Usiku ukipoa, mvuke huo hugeuka matone upande wa chini wa turubai na kudondokea chuma. Tela linaweza kutoka chini ya turubai likiwa na kutu kuliko la jirani lililonyeshewa na kukauka kwa upepo. Anayelazimika kutumia turubai alinyanyue kwa fito katikati liwe kama paa la nyumba, aache pande wazi kwa urefu wa mkono, na afungie kamba kwenye chesisi. Turubai linalolegea hupigwa na upepo na kusugua rangi hadi chuma kionekane.

Banda, na kitu kinachoshinda banda

Paa la bati lisilo na kuta ndilo makazi bora ya tela: kivuli kipo, maji hayaingii, upepo unapita. Kwa tela letu linahitajika paa la mita 5 kwa 3. Mabati manane ya geji 30 ya futi 10, kila moja 28,000, ni 224,000. Mirunda sita, 48,000. Mbao kumi na tano za kenchi na papi kwa 6,000, ni 90,000. Misumari 20,000, dawa ya mchwa 15,000, mifuko miwili ya saruji ya kusimikia nguzo 34,000, fundi 70,000. Jumla ni 501,000. Likidumu miaka 10, ni kama 50,000 kwa mwaka.

Nimeweka dawa ya mchwa kwa makusudi. Wengi hupaka oili chafu kwenye nguzo, kwa kuwa gereji huitoa karibu bure. Inafukuza mchwa kwa muda, lakini huchuruzika kwenye udongo na kuelekea kwenye kisima, na ikigusa tairi hulainisha mpira na kuuharibu. Elfu kumi na tano za dawa si mahali pa kubania.

Sasa tazama uwiano. Banda la 50,000 kwa mwaka linaokoa sakafu ya 52,000 na rangi kidogo. Kwa tela peke yake linarudisha pesa yake, lakini kwa shida. Linapendeza hesabuni pale linapokuwa na wapangaji wengine: trekta lenyewe, jembe, haro, mashine ya kupukuchulia mahindi, pikipiki ya shambani. Kama unayo hayo na yanalala nje, jenga, wala usingoje. Nguzo za mbele uziache mbali kiasi cha kurudi nyuma bila kugonga, na mteremko wa paa uelekee mbali na njia ya kuingilia.

Kwa mwenye tela tu, kuna njia ambayo sijui kwa nini haifanywi na watu wengi zaidi. Sakafu isipigiliwe misumari. Fundi afunge mbao kwa bolti na nati, bolti mbili kila mwisho wa ubao. Msimu wa mvua ukikaribia, mbao zinafunguliwa, zinasafishwa, zinapangwa ndani ya stoo juu ya magurudumu yaleyale uliyoyatoa. Bolti na kazi ya kutoboa tuseme 40,000, mara moja. Nje kinabaki kiunzi cha chuma tu, kilichopakwa rangi, kilichoinuliwa, ambacho maji hayapati pa kukaa. Sakafu inaokolewa karibu sawa na ilivyo chini ya bati, kwa chini ya moja ya kumi ya pesa.

Kazi ipo, sikatai. Kufungua na kufunga ni nusu siku ya watu wawili. Nusu siku mara mbili kwa mwaka ni rahisi kuliko nusu milioni.

Chuma kinachobaki nje kinahitaji rangi. Kila baada ya misimu miwili, piga msasa palipoanza kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Galoni moja ya lita 4 tuseme 45,000. Maungio yaliyochomelewa ndiyo yaanze, hasa pale mkono wa kuvutia unapoungana na chesisi, kwa sababu ufa uliojificha chini ya kutu mahali hapo ndio unaoachia tela barabarani.

Yadi ya kulipia na banda la ushirika

Mjini, aliyepanga chumba hana uwanja wa kuweka magogo. Kwake njia ni yadi yenye mlinzi, au gereji inayopokea magari usiku. Kwa 30,000 kwa mwezi, miezi sita ni 180,000 kwa mwaka, na mara nyingi hakuna paa. Kwa miaka 10 ni 1,800,000, pesa inayojenga mabanda matatu na chenji ikabaki. Anayelipia yadi ananunua ulinzi, basi ahakikishe anaupata. Uliza kabla ya kulipa: kikipotea kitu nani anawajibika, na je, imeandikwa? Risiti inataja namba ya tela? Wanaruhusiwa kulisogeza bila wewe? Unaweza kuja Jumapili? Piga picha za matairi zikionyesha namba za ubavuni, kwa kuwa tairi lililobadilishwa haligunduliki mpaka mtu awe na ushahidi. Kadi ya tela usiiache kwa mlinzi hata akiomba kwa upole.

Vijijini naona njia bora zaidi ni ya majirani. Banda la matela matatu haligharimu mara tatu, maana nguzo za katikati hutumika pande mbili na fundi hulipwa kwa mkupuo. Likifika 1,100,000, kila mmoja anatoa kama 367,000 badala ya 501,000. Vyama vya ushirika vyenye ghala vina pia uwanja ulio na uzio na mlinzi anayelipwa tayari. Kuomba kona moja kwa ada ndogo wakati ghala halina mazao ni ombi linalostahili kupelekwa kwenye mkutano wa wanachama. Andikeni makubaliano. Nani anatoka kwanza, nani anatengeneza bati likipeperuka, mmoja akiuza tela lake nafasi inakwenda kwa nani: mambo haya matatu yakisemwa mwanzoni, ujirani unabaki salama.

Kuna wanaosema njia nzuri ya kulitunza tela ni kulikodisha mwaka mzima. Nakubali kwa sharti moja, liende na dereva wako. Tela linalokodishwa likiwa peke yake hubebeshwa mzigo ambao mwenyewe usingethubutu kuupakia.

Karibu na bahari

Pwani hesabu zinabadilika, na inafaa kuangalia namba. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hugawa hali ya hewa kulingana na inavyokula chuma. Katika daraja la C2, la mazingira ya vijijini yasiyo na uchafu mwingi, chuma kisicho na kinga hupoteza maikromita 1.3 hadi 25 kwa mwaka wa kwanza. Katika C5, ambalo huhusisha pwani zenye chumvi nyingi, hupoteza 80 hadi 200. Hiyo 200 ni sehemu ya tano ya milimita. Kama bati la bodi yako lina milimita 2, elewa unacheza na nini.

Ndiyo maana pwani inafaa kulipia tela lililochovywa kwenye zinki ya moto badala ya lililopakwa rangi tu. Kwa chuma chenye unene wa kati ya milimita 3 na 6, kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani wa tabaka la maikromita 70. Zinki kwenye daraja la C5 huliwa maikromita 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka, kwa hiyo tabaka hilo linaweza kukupa kati ya miaka 8 na 16 kabla chuma hakijaguswa. Ukinunua, omba kuona ndani ya mabomba na kwenye maungio. Rangi ya fedha iliyopuliziwa hufanana na zinki kwa macho, lakini haifanyi kazi yake.

Na jambo hili liwafikie wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Mombasa na Unguja: paa peke yake halitoshi. Mvua huosha chumvi iliyotua juu ya chuma. Ukiliweka tela chini ya bati, chumvi inaendelea kuja na upepo wa bahari lakini haioshwi tena, inajilimbikiza. Tela la pwani lililo bandani lioshwe kwa maji baridi kabla ya kulala, na tena kila mwezi, hasa chini ya bodi ambako macho hayafiki.

Kuosha kabla ya kulala kunawahusu wa bara pia. Mbolea ya chumvichumvi, samadi na chumvi ya mifugo huacha mabaki yanayovuta unyevu hewani na kula chuma hata wakati hakuna mvua. Ufagio hautoshi, lazima maji, na likauke juani siku nzima ndipo lifunikwe au liingizwe ndani. Tela lililopita kwenye majaruba na vivuko lifunguliwe beringi. Maji yaliyoingia humo hukaa palepale roli zinapogusa chuma, na miezi sita ya kusimama inatosha kuchimba vishimo vya kutu ambavyo grisi mpya haiviponyi. Grisi kilo moja na fundi, tuseme 35,000 kwa mwaka.

Sasa jumlisha gharama za mtu aliyefanya kila kitu vizuri na akajenga banda: banda 50,000, chini 14,000, matairi 100,000, sakafu 31,000, grisi na fundi 35,000. Ni 230,000 kwa mwaka, bila bei ya kununulia tela. Kama kwenu tela hukodishwa kwa 25,000 kwa safari, hizo ni zaidi kidogo ya safari tisa. Asiyefikisha safari hizo kwa mwaka auze akiwa bado na matairi mazuri, akodi anapohitaji.

Kwa wengine wote, uamuzi wangu uko hivi. Mwenye 70,000 aweke moramu na magogo kabla ya mvua zijazo, na magurudumu yalale ndani. Mwenye 110,000 aongeze bolti za sakafu. Mwenye nusu milioni ajenge banda ikiwa tu lina vitu vingine vya kuhifadhi, au awatafute majirani wawili. Turubai liwe la mwisho kwenye orodha, na yadi iwe ya asiye na uwanja. Fundi wa kuchomelea na muuza moramu wana nafasi zaidi wakati wa kiangazi kuliko wiki ambayo kila mtu ameona wingu, basi mtafute fundi wako sasa.